Jasho la Hiari

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, na methali hiyo imekaa vizuri kiasi kwamba ni vigumu kuitia ufa. Jua ni gharama, kivuli ni malipo. Mtu hutoka jasho ili afike mahali ambapo hatatoka jasho tena. Lakini methali haisemi lolote juu ya mtu ambaye amekwisha kufika kivulini, amekula, ameshiba, kisha anainuka kwa hiari yake na kurudi juani, hali hachumi kitu wala hakutumwa na mtu. Huyo tumwite nani? Na je, anayo haki ya kufanya hivyo mbele ya macho ya wale ambao wamo juani tangu alfajiri na kivuli chenyewe hawajakiona?

Kwa wengine hili ni swali la mezani. Hapa Ngerengere linapita barabarani kwa magurudumu mawili. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, katika njia zitokazo vijiji vya porini kuja mjini na kuendelea hadi barabara kuu ya Dar es Salaam na Morogoro, utaona baiskeli za namna mbili. Ya kwanza imebeba mkaa: magunia mawili yamefungwa keriani kwa kamba za mpira, pengine na la tatu juu yake, na kijana anayeiendesha huonekana kwa mbali kama gunia lililoota miguu. Ya pili haikubeba kitu isipokuwa mwenyewe, na mwenyewe huyo ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, amevaa raba, na mzigo wake yuko nao mbele, juu ya mkanda wa suruali. Njia ni moja, kilima ni kimoja, vumbi ni lile lile, na jasho likidondoka chini huwezi kulitofautisha. Mimi ni wa ile baiskeli ya pili. Huu ni mwaka wa nne, na swali hilo ninaliuliza nikiwa upande wa washitakiwa.

Sababu iliyonipandisha baiskeli ni ya kawaida mno. Muuguzi alinifunga mkanda wa kupimia mkononi, akajaza upepo, akasubiri, akaandika 158 kwa 96, kisha akapima tena kana kwamba namba zenyewe zimemtia mashaka. Akanishauri nipunguze chumvi na mafuta, nami nitafute shughuli ya kunitoa jasho. Mke wangu alipimwa siku ile ile na namba zake zilikuwa juu kuliko zangu. Hilo nitalirudia mbele. Hatukuwa peke yetu. Uchunguzi uliofanyika nchini mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa karibu mtu mmoja katika kila wanne ana shinikizo la damu, na karibu idadi kama hiyo wamezidi uzito. Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Adui wa wakati ule alikuwa nje ya mwili, na jembe lilimfikia. Mwishoni mwa mwaka 2016 Serikali ilizindua kampeni nyingine dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, wananchi wakaombwa wafanye mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Katika umri wa mtu mmoja tumetoka kwenye kuhimizwa tuchimbe choo tukafika kwenye kuhimizwa turuke kamba.

Hata hivyo tuwatendee haki wanaotucheka, maana wana sababu. Siku za mwanzo mtani wangu mmoja alinisimamisha karibu na stesheni, akaizunguka baiskeli yangu kama mnunuzi wa mbuzi, akasema, "Pole sana bwana. Pikipiki imechukuliwa na benki?" Mama mmoja muuza vitumbua hakutania, aliniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna msiba. Wakati wa utoto wangu baiskeli ilikuwa heshima. Ilikatiwa leseni, ilipanguswa kila jioni, ililala ndani ya nyumba, na mchumba mwenye Raleigh alikuwa na neno ukweni. Siku hizi kijana akipata fedha ya kwanza hununua pikipiki, na baiskeli imebaki kuwa alama ya yule ambaye hajafika huko. Mtu mzima akishuka kutoka pikipiki kwenda baiskeli, watu humsoma kama wanavyoisoma nyumba iliyoezuliwa mabati.

Na lipo la kukonda. Kizazi changu kilikua kikijua kwamba kunenepa ni kunawiri. Mtu aliyerudi kutoka Dar es Salaam na mashavu yamejaa tulimpokea kwa sifa, na kitambi kilikuwa ushahidi kwamba mambo yake yamenyooka. Kisha ukaja UKIMWI. Katika miaka ya 1980 na 1990 kukonda kulikuwa hukumu. Uganda ugonjwa wenyewe uliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Mimi nilipopungua kilo nne za kwanza, watu wawili walimwuliza mdogo wangu kwa siri kama nimeanza dawa. Siwalaumu hata kidogo. Watu waliozika ndugu zao waliokonda hawawezi kuuona wembamba kuwa uzima eti kwa sababu muuguzi amesema.

Chini ya kicheko hicho naona jambo zito zaidi. Katika bonde hili nguvu za mwili wa mtu zimeandikwa kwa muda mrefu katika daftari la mtu mwingine. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji iliuvuka mto huu. Stanley alipopita mwaka 1871 aliuandika Ungerengeri. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani yapata kilo 32, begani au kichwani, miezi kwa miezi. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, kandokando yake yakasitawi mashamba ya mkonge, na pamoja na mkonge wakaja manamba, watu walioletwa kwa mkataba kutoka mbali na kujulikana kwa namba kuliko kwa majina. Walifanya kazi kwa kipande: kadi yenye nafasi 30, kila siku ya kazi iliyokamilika ikitiwa alama, na mshahara haukutoka mpaka nafasi zote zijae. Siku ya kuugua haikujaza nafasi. Na kule juu, katika Milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima katika miaka ya 1950 kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mwezi Julai 1955 watu wa Matombo walikataa, ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ule ukafa.

Hebu tuyafikirie matuta hayo kidogo. Kwa mtazamo wa muuguzi wangu, kuchimba matuta katika mteremko wa Uluguru ni zoezi lisilo na mfano: mikono, mgongo, mapaja na moyo vyote vinafanya kazi, tena katika hewa safi. Lakini nani angethubutu kumwendea Mluguru wa mwaka 1955 na kumpongeza kwa afya anayoipata? Msuli haujui nani ameutuma, lakini mwenye msuli anajua. Ndiyo maana babu zetu, wakipata nafasi ya kukaa, walikaa. Kukaa kulikuwa ushindi. Anayewaambia watu wa namna hiyo kwamba kukaa ni maradhi hana budi kusema taratibu, na asishangae akitazamwa kama nyapara aliyebadili koti.

Pamoja na hayo, mwili nao una habari zake ambazo hazisubiri ruhusa ya historia. Daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitangaza mwaka 1953 katika jarida la Lancet matokeo ya kuwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Kila basi lilikuwa na watu wawili: dereva aliyekaa kutwa, na kondakta aliyepanda na kushuka ngazi kukata tiketi, mamia ya vidato kwa siku. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipopatwa yaliwaua kwa uchache pia. Miaka mitatu baadaye Morris alitazama hata vipimo vya sare zao, akakuta suruali za madereva ni pana zaidi kiunoni. Jambo ambalo lilichanganya mambo kidogo, kwani huenda wanene walichagua usukani tangu mwanzo. Utafiti ukaendelea miaka mingi, na mwenyewe Morris akaishi hadi miaka 99. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba yule kondakta hakuwa akifanya mazoezi. Alikuwa akikata tiketi. Afya ilimjia kama chenji.

Sasa, ikiwa afya ni chenji ya kazi, kijana wa mkaa angekuwa mzima kuliko sisi sote. Sivyo. Anaumwa mgongo akiwa na miaka ishirini na mitano, magoti yanalia, kifua kimejaa moshi wa tanuri na vumbi la njia. Hula kwa mara moja kinachotakiwa kuliwa kwa mara tatu, na usiku hulala porini akilichunga tanuri lisishike moto na kugeuza mkaa kuwa majivu. Kondakta wa London alikuwa na zamu, mshahara, chai na siku ya mapumziko, na mwili hujijenga wakati wa mapumziko. Wakati wa kazi hutumika tu. Kwa hiyo nililosema mwanzo, kwamba majasho hayo mawili huwezi kuyatofautisha, ni kweli kwa jicho tu. Ukitaka kuyatofautisha usilitazame jasho. Tazama kilichotangulia na kinachofuata.

Hili nililiona wazi katika kilima kimoja nje ya mji. Kijana alikuwa akisukuma, amelala juu ya usukani, tairi la nyuma linataka kurudi. Nikashuka, nikaegemeza baiskeli yangu kwenye mti, nikaenda kumsukumia kwa nyuma mpaka juu.

"Shikamoo mzee. Ahsante sana."

"Marahaba mwanangu. Pole na kazi."

"Nimeshapoa." Alipumua, akaitazama baiskeli yangu kule chini. "Mzee, samahani nikuulize. Kila siku nakuona unapita huku. Huwa unakwenda wapi?"

Nikamweleza habari ya presha na ushauri wa hospitali. Alisikiliza bila dharau yoyote, akafikiri, kisha akatoa pendekezo ambalo wanafalsafa wangelihangaikia kwa wiki nzima: "Basi mzee tusaidiane. Wewe unatafuta kuchoka, mimi natafuta kupumzika. Chukua gunia moja."

Sikuona jibu. Tukalihamisha gunia, akalifunga mwenyewe kwenye keria yangu kwa mafundo ambayo sijawahi kuyaona, tukaondoka. Nilikwenda mwendo wa meta kama mia tatu. Usukani ulikuwa mwepesi kama umeng'olewa, gurudumu la mbele lilitaka kuinuka, na kila nilipokanyaga pedeli gunia lilinivuta upande ambao sikuukusudia. Yeye, na gunia lake moja lililobaki, alikuwa ananisubiri mbele, anatazama jua. Mwishowe alisimama kabisa. "Mzee, gari la mkaa litaniacha. Lete tu." Alilifunga tena kwake kwa dakika mbili, akanishukuru kwa adabu, akaongeza, "Lakini mazoezi umeyapata," akapotea kwenye kona.

Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, na bado haikufanya kazi. Nguvu hazikopesheki kama fedha. Zina ufundi ndani yake, zina saa, zina mnunuzi anayesubiri na hatasubiri zaidi. Lakini hata kama ningekuwa hodari wa kubeba, bado kulikuwa na tofauti moja ambayo gunia lisingeiondoa: mimi ningebeba mpaka pale ambapo ningeona yametosha. Hiari, kwa maoni yangu, haimaanishi kutokuwapo kwa maumivu. Wapanda baiskeli wa hiari huumia, wengine huumia sana na hujisifu kwa hilo. Hiari ni kuwapo kwa mlango. Kipande cha mkonge hakikuwa na mlango, matuta ya mwaka 1955 hayakuwa na mlango mpaka watu walipouvunja, na kilima cha mkaa kina mlango mmoja tu nao unaelekea kwenye njaa.

Wapo watakaonikatiza hapa waseme mkaa wenyewe unateketeza misitu, na kijana huyo hastahili huruma. Ni kweli miombo ya upande huu imepungua sana. Lakini moto wa mkaa huo unawaka Dar es Salaam na Morogoro, chini ya sufuria za watu waliokaa, na katika bei ya gunia fungu la aliyelibeba ni dogo kuliko yote. Tuendelee.

Wengine hulijibu swali langu kwa dini. Masheikh hufundisha kwamba mwili wa mtu una haki juu yake. Wakristo husema mwili ni hekalu. Na pande zote mbili hukubaliana kwamba mwili ni amana, nayo amana haichezewi. Nakubali. Ila fundisho hilo lina makali pande mbili. Ikiwa mwili wangu ni amana niliyopewa niutunze, mwili wa yule kijana nao ni amana, na haiwezekani amana moja itunzwe kwa raba na baiskeli huku nyingine ikitumiwa kama kuni, kisha tuseme hesabu imefungwa. Anayenihubiria amana kwenye presha yangu hana budi kuihubiri pia kwenye bei ya mkaa.

Halafu ipo mizani. Wengi huingia katika mazoezi kwa kutaka kupungua, na mwili huwa na mzaha wake katika hilo. Zile kilo nne zilitoka katika miezi ya mwanzo, na tangu hapo mshale umegoma. Nilipata faraja katika habari za ndugu zetu Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer walitangaza kwamba wamepima nguvu zinazotumiwa na miili yao kwa siku, wakakuta kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadza wanaotembea kutwa hawatumii zaidi ya Wamarekani na Wazungu wanaokaa maofisini. Mwili ukitumia zaidi huku, hubana kule. Lakini utafiti mwingine wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa mioyo na mishipa ya Wahadza iko salama sana hata uzeeni. Kwa hiyo anayepanda baiskeli ili akonde atakata tamaa. Anayepanda ili apande kilima bila kusimama mara tatu, huyo atalipwa. Mimi nililipwa hivyo mnamo mwezi wa tano. Nilifika juu, nikatazama nyuma kutafuta nani amenisukuma.

Bado haki. Nimejaribu kutafuta mfano wa jasho lisilochuma kitu ambalo hata hivyo hakuna aliyeliona upuuzi, nikaupata katika mwaka 1967. Mwezi Oktoba, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilometa 200, kwenda kwenye mkutano wa TANU. Alikuwa na miaka 45, rais wa nchi, mwenye magari. Hakubeba gunia, hakulima shamba njiani. Lakini jasho lile lilikuwa na anwani: vijana walikuwa wakitembea kote nchini kuliunga mkono Azimio, naye akawaambia kwa miguu yake kwamba hakuwaagiza jambo ambalo yeye halitendi. Hakuna mtani aliyemwuliza kama gari limechukuliwa na benki. Je, kila jasho la hiari linahitaji anwani? Sisi wengine hatuna taifa la kulihubiria. Tuna presha tu.

Njia niliyoichagua ni ndogo: baiskeli nisiipande kwa kuzunguka, bali niende nayo mahali nilikokuwa niende. Shambani, sokoni, mazishini, stesheni kumpokea mgeni. Treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 ina kituo chake hapa, na nimekwisha kumpokea shemeji yangu, mtu wa Kariakoo, kwa baiskeli; begi likapanda keriani, yeye akatembea, na hakufurahi. Kwa namna hii jasho linabaki ndani ya shughuli, kama la kondakta, wala halijitangazi. Lakini nakiri lina ujanja ndani yake. Kuna siku nimeendesha hadi Kidugalo kununua chumvi, na duka la chumvi liko nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mke wangu aliipokea ile pakiti, akaigeuzageuza, akasema, "Hii itakuwa imekolea zaidi." Kisha akakumbusha kwamba chumvi yenyewe tulikatazwa.

Na hapa ndipo ninaporudi kwake, kama nilivyoahidi. Ushauri tuliopewa ulikuwa mmoja. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na halikutaja kama ni mume au mke. Nilipomwambia twende wote, alinijibu akiwa ameinama jikoni, "Baba watoto, tukiondoka wote, uji wa wajukuu nani anaukoroga? Na maji?" Akaendelea, bila hasira, kupiga hesabu: dakika 40 zangu za asubuhi, mara nne au tano kwa wiki, zimetoka wapi? Zimetoka katika maji aliyochota yeye, moto aliouwasha yeye, ua alioufagia yeye. Saa yangu ya hiari ilikuwa imechongwa katika siku yake. Na tena, mwanamke wa umri wake akipanda baiskeli hapa mjini, kabla ya adhuhuri habari zitakuwa zimeshuka treni Pugu. Eti anatoroka, eti amerogwa, eti anajifanya kijana.

Watu husema wanawake wetu hawahitaji mazoezi kwa kuwa kazi wanazo. Lakini namba zake zilikuwa juu ya zangu. Jasho alikuwa nalo tangu utoto. Alichokosa ni kile alichokosa kijana wa mkaa, yaani mahali pa kuachia. Nadhani huu ndio uzito wa swali zima, nao haupo barabarani nilipokuwa nikiutafuta. Upo nyumbani, kati ya jiko na bomba.

Tuliyoyafanya ni haya. Siku nne kwa wiki baiskeli inakwenda kuchota maji. Madumu mawili ya lita 20, moja kila upande wa keria, hufanya kilo 40, na safari ni tatu. Madumu ni rahisi kuliko gunia kwa kuwa yamelingana, ila yakiwa nusu maji huchezacheza na kukupeleka unakokwenda ng'ombe. Wakati huo yeye na majirani wawili wanatembea kando ya reli ya zamani kwenda na kurudi, khanga zimefungwa imara, wanaongea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akiongea nayo nyumbani. Mwezi uliopita alipimwa 142 kwa 90. Mimi 138 kwa 86. Mtani wangu wa stesheni amebadili wimbo. Hasemi tena habari ya benki, anasema nimelishwa limbwata, na anataka ajue lilitiwa katika chakula gani ili ajihadhari.

Sijui kama maji yamelihalalisha jasho langu au yamelipatia kisingizio kizuri zaidi kuliko chumvi ya Kidugalo. Kijana wa mkaa bado anapita, tunasalimiana, na gunia lake bado ni lake; madumu yangu hayakumpunguzia kilo moja. Bomba likifikishwa hadi uani, kama tunavyoahidiwa, nitarudi kwenye baiskeli tupu na maswali yake. Au pengine haitakuwa yangu. Mke wangu amekwisha kwenda kwa fundi kuulizia bei ya baiskeli ya kike, ile ambayo fremu yake imeinama, na fundi akamwuliza anamnunulia binti yupi.